Ada, Daftari na Majina Makubwa

Katika miaka niliyoongoza chama cha wafanyakazi wa vyombo vya habari, swali nililoulizwa zaidi halikuhusu sheria. Liliulizwa kwa sauti ya chini, nje ya chumba cha habari: "Kaka, nikijaza hiyo fomu, bosi atajua?" Atajua. Fomu ndiyo inayomruhusu mwajiri kukata ada kwenye mshahara, kwa hiyo jina lako litafika mezani kwake. Sikumficha mtu jambo hilo. Anayeingia akiwa amedanganywa hutoka siku ya kwanza anapoitwa kwa bosi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka wafanyakazi 20 tu kuanzisha chama. Ugumu uko kwenye wingi: mwajiri halazimiki kujadili mkataba wa hali bora mpaka chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaohusika. Hapo tasnia yetu inaumia, maana wengi wanaojaza kurasa za magazeti hawamo kwenye orodha ya mishahara. Ni wawakilishi wa mikoani na wilayani, wanaolipwa kwa habari iliyotoka. Hawana mkataba wala bima, na NSSF wanaisikia kwa wenzao.

Wapo walionishauri niwaache kwanza, tuwashike wenye mikataba. Nilikataa, na leo ningekataa tena.

Dada mmoja alikuja kutoka wilayani na daftari kubwa la kaunta. Alikuwa amebandika kwa gundi kila habari yake iliyochapwa, na pembeni ameandika tarehe, ukurasa, kisha "imelipwa" au "bado". Hizo "bado" zilikwenda kurasa kwa kurasa. Tukamfungulia kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi: mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi, katika miezi 3 iliyopita, huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Alisoma, akarudia kusoma, akauliza, "Kumbe mimi ni mfanyakazi?" Alilipwa malimbikizo yake kabla shauri halijafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Habari ile ilienea mikoani kuliko hotuba zangu zote za Mei Mosi. Fomu za uanachama zikaanza kuletwa kwa mabasi, na wenyewe wakituma ada kwa simu. Fedha ile ilinitia hofu njema. Anayetuma elfu mbili kutoka kwenye malipo ya habari moja ana haki ya kujua imekwenda wapi, kwa hiyo kila mkutano tulianza kwa kusoma mapato na matumizi, hata pale ambapo wajumbe walikuwa na haraka.

Wasomaji nao wana fungu lao katika jambo hili. Mwandishi asiyelipwa ana nguvu gani ya kurudisha bahasha ya mwanasiasa? Tunawahubiria maadili vijana ambao hawajui nauli ya kurudia nyumbani itatoka wapi. Kwangu mimi, mkataba wa hali bora ni kinga ya ukweli kabla haujawa nyongeza ya mshahara.

Mfano ninaoupenda ni wa Heywood Broun wa Marekani. Mwaka 1933, akiwa mwandishi wa safu anayelipwa vizuri mno jijini New York, aliandika kwenye safu yake kwamba atasaidia kuunda chama cha waandishi. Desemba ya mwaka huohuo American Newspaper Guild ikaundwa, naye akawa rais wake mpaka alipofariki 1939. Kwa shida zake mwenyewe hakuhitaji chama. Waliokihitaji ni ripota wa mishahara midogo, na jina lake likawapa pa kusimama.

Kwetu watu wa aina hiyo bado ni wachache. Nawaomba watangazaji na waandishi wenye majina wajiunge, na wakubali kugombea uongozi wa matawi. Mwajiri humfukuza mwakilishi wa wilayani kwa kutopokea tu simu yake. Ninyi hawezi kuwagusa bila nchi nzima kuuliza mko wapi.