Kina mama wanasubiri, laptopu bado inarenda

Mvua zikikolea Kyela mwezi Machi na Aprili, mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa, na maji machafu huingia visimani. Wazazi wa Busale tunajua kinachofuata: watoto kuharisha. Ndiyo maana shangazi yangu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, aliniomba nimtengenezee video ya kuonyesha namna ya kuchanganya ORS. Alisema maelezo ya mdomo husahaulika, lakini video mama ataifungua tena usiku, mtoto akizidiwa.

Nilirekodi jioni kwa simu, dakika nane tu. Nilipoiweka kwenye laptopu yangu ya zamani ili irende, ikaniambia zimebaki saa nne. Asubuhi shangazi akapiga: "Mwanangu, bado tu? Leo ni kliniki, kina mama wataondoka."

Wazazi wengi siku hizi tunatengeneza video, iwe ya ubatizo, mahafali ya chekechea au biashara, kwa hiyo nieleze nilichofanya.

Kurenda ni laptopu kupitia picha moja moja na kuziminya ziwe faili moja. Video ya dakika nane yenye picha 30 kwa sekunde ina picha 14,400. Ikiwa imerekodiwa kwa 4K, kila picha ina nukta zaidi ya milioni 8. Kwa 720p, nukta hazifiki milioni 1. Ni tofauti ya mara tisa, na kwenye simu ya mkononi mama haioni sana.

Kwa hiyo kwanza nilikata vipande visivyo na kazi, kisha nikashusha ukubwa hadi 720p. Pili, nilichagua H.264 badala ya H.265. Hiyo ya pili hutoa faili dogo zaidi, lakini huchukua muda mrefu kutengenezwa, na simu za zamani huweza kushindwa kuifungua. Tatu, kwenye HandBrake, programu ya bure, nilichagua H.264 yenye neno QSV, inayotumia sehemu maalumu ya video ndani ya prosesa za Intel. Kwenye mashine nyingine utaona NVENC au VCE. Faili huongezeka kidogo, lakini muda hupungua sana.

Mengine ni ya kawaida. Chomeka chaja, kwa sababu laptopu nyingi hupunguza kasi zikitumia betri. Iweke mezani, si kitandani, maana godoro huziba matundu ya hewa na mashine ikipata joto hupunguza kasi. Funga programu usizotumia. Jaribu kwanza kipande cha dakika moja kabla ya kurenda yote.

Video ilitoka kwa dakika kumi na tano hivi. Faili likawa dogo pia, jambo linalomhusu kila mzazi anayenunua bando. Kwa megabiti 1 kwa sekunde, dakika nane ni takribani MB 60. Shangazi aliirusha WhatsApp, kina mama wakiwa bado kwenye benchi.

Ndani yake kuna haya: nawa mikono kwa sabuni, soma pakiti ya ORS (nyingi huchanganywa na lita moja), tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na ukishachanganya usizidishe saa 24. Mpe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na zinki apewe siku 10 hadi 14 kama mhudumu atakavyoelekeza, hata kama kuharisha kumekoma. Ukiona macho yamedidimia, mtoto amelegea, hawezi kunywa au kinyesi kina damu, mkimbize kituo cha afya. Usisubiri kumaliza video.