Kupachika Matini Ndani ya Matini

Mwanafunzi wa Kiswahili arejeaye Entarara, Kajiado, kukusanya masimulizi ya wazee, aghalabu huishia na mafaili mawili katika kompyuta yake: moja la masimulizi yenyewe, jingine la maelezo ya maneno ya Kimaasai. Maelezo hayo yafaa yakae papo hapo panapohitajika, si mwishoni mwa kazi. Kunakili na kubandika kwatosha kwa faili moja. Kwa mafaili arubaini, mkono huchoka, na mkono uliochoka huruka mistari.

Hapo ndipo inapofaa sed, programu iliyoandikwa na Lee McMahon katika maabara ya Bell, Marekani, mnamo 1973 na 1974. Husoma matini mstari baada ya mstari. Mwanafunzi huweka alama mahali panapostahili, kisha huandika amri:

sed '/@@MAELEZO@@/r maelezo.txt' simulizi.txt > mpya.txt

Herufi r huleta faili la pili chini ya kila mstari wenye alama. Kila mstari, naam: alama ikitokea mara tatu, maelezo nayo yatatokea mara tatu. Kwa hiyo neno kama "hapa" halifai kuwa alama, kwani msimulizi hulitamka kila mara.

La kutisha zaidi ni kimya cha programu hii. Jina la maelezo.txt likikosewa herufi moja, haitalalamika; itatoa simulizi bila maelezo. Na mwandishi akielekeza matokeo kwenye simulizi.txt lenyewe, faili hilo hufutwa kabla halijasomwa. Yamkini mzee aliyesimulia hayupo tena wa kuulizwa upya.

Washairi wa pwani walikuwa na hadhari yao. Katika Takhmisi ya Liyongo, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitanguliza mishororo mitatu yake mbele ya miwili ya Liyongo, na umbo la ubeti hudhihirisha kipi ni cha nani. Faili halina umbo la namna hiyo. Basi maelezo na yaanze kwa mstari unaomtaja aliyeyaandika.

Kisha ipigwe amri ya diff kati ya simulizi.txt na mpya.txt. Mistari iliyoongezwa hutanguliwa na alama ya >. Ikionekana hata moja yenye <, kuna neno la mzee lililoguswa.