Uso wa Njano na Daftari la Fundi Simu

Kijana wetu wa ofisini, hodari na mwenye adabu, alifungua faili la mitindo la tovuti ya zamani tunayoitunza bado. Akakuta mstari niliouwekea maneno "usifute" juu yake. Mstari wenyewe unakiamuru kisanduku kikae kama neno ndani ya sentensi, wakati mstari uliotangulia umeshakiamuru kielee upande wa kushoto.

"Kaka, huu una kazi gani? Nimeutoa, hakuna kilichobadilika."

Nikamwambia ni dawa ya Internet Explorer 6. Akaniangalia, kisha akauliza kama kweli kulikuwa na wakati ambapo kila kivinjari kilikuwa na sheria zake. Kwake kivinjari ni Chrome, na Chrome ikikionyesha kitu vizuri basi kitu kiko sawa.

Sheria ilikuwa moja tangu zamani. Håkon Wium Lie alipendekeza CSS mwaka 1994 akiwa CERN, na toleo la pili likatoka 1998. Kazi ilikuwa kuzipata injini za vivinjari ziitii. Chukua kisanduku cha upana wa pikseli 200, chenye nafasi ya ndani ya pikseli 20 kushoto na 20 kulia. Waraka wa CSS unasema 200 ni sehemu ya maandishi peke yake, kwa hiyo kisanduku kizima ni 240. Internet Explorer 5 ya Windows ilihesabu 200 kuwa jumla ya vyote. Explorer 6 ya mwaka 2001 ililirekebisha hilo kwa kurasa zilizojitambulisha ipasavyo katika mstari wa kwanza kabisa, ila ikaja na lake: kisanduku kinachoelea kushoto, ukikipa pambizo ya pikseli 10 upande huohuo, yenyewe iliweka 20. Safu ya pembeni ikakosa nafasi, ikadondoka chini ya ukurasa. Ule mstari wa "usifute" ndio uliokuwa tiba. Hakuna kanuni inayoeleza kwa nini ulitibu.

Sikuwa na kompyuta nyingi za kujaribia. Nilikuwa na kafe ya intaneti ya Magomeni Mapipa, mali ya mzee mmoja, fundi mstaafu wa Posta na Simu. Palipokuwa na kafe ile leo pana ghorofa na duka la vigae. Asubuhi alifukiza udi kabla ya kufungua mlango, na kufikia saa nne udi ulikuwa umeshachanganyika na harufu ya vumbi linaloungua ndani ya zile skrini nene zenye mgongo. Mchana ilikuja chai ya tangawizi, na umeme ukikatika, moshi wa jenereta ukaingia kwa dirisha la nyuma. Mpaka leo nikinusa udi na dizeli mahali pamoja, mkono unataka kutafuta kipanya chenye mpira.

Mashine zake hazikufanana hata mbili. Nyingine zilikuwa na Windows 98 na Explorer 5, nyingine XP na Explorer 6. Mashine ya kona ilibaki na Netscape 4, ambayo ukivuta dirisha kulipanua, mitindo yote ya ukurasa ilitoweka. Firefox aliiweka mwenyewe kutoka kwenye CD, mashine baada ya mashine. Mzee alikuwa na daftari la kaunta, lile refu la jalada gumu, ameandika namba ya kila mashine na kilichomo. Chini yake aliandika hitilafu: tarehe, mashine gani, ilifanya nini, ilitengemaa kwa kufanya nini. Ndivyo alivyofundishwa kazi ya simu. Saa tatu usiku wateja wakishaondoka aliniachia viti vyote, nikafungua ukurasa mmoja kwenye mashine zote, nikawa natembea kutoka skrini hadi skrini. Yeye alikaa nyuma yangu na kalamu.

Aliielewa kazi yangu kuliko wateja walionilipa. "Mwanangu," aliniambia, "mitambo miwili ya simu ya viwanda tofauti inaongea kwa sababu ishara zimeandikwa. Mmoja akijifanya anajua zaidi ya maandishi, mteja ndiye anayekosa simu." Mteja wangu mmoja wa wakati ule aliniambia niachane na vivinjari vingine, watu wote wanatumia Explorer. Mzee alilichukia neno hilo, nami nalichukia hadi leo ninapolisikia likisemwa kuhusu Chrome.

Nimeangalia tarehe: mtihani wa kupima vivinjari, Acid2, ulitolewa 13 Aprili 2005. Kichwani mwangu umeungana na mgao wa umeme, ambao ukali wake ulikuja mwaka uliofuata. Na viungane.

Acid2 ulikuwa ukurasa mmoja tu. Injini ikifuata kanuni, unaona uso wa njano unaotabasamu na maneno ya salamu juu yake, na ukipitisha kipanya puani pua inageuka bluu. Injini ikikosea, uso unavunjika. Kila sehemu ya uso ilipima jambo lake. Macho yalitegemea kitu kimoja kilichowekwa ndani ya kingine: cha nje kikishindwa kupakiwa, injini inapaswa kukiacha na kuonyesha cha ndani. Tabasamu lilipima jinsi pambizo zinavyomezana. Kidevu kilikuwa na makosa ya makusudi katika uandishi wa CSS, kuona kama injini itayaruka na kuendelea na sehemu iliyo sahihi. Nilipofungua msimbo wa kidevu hicho nikakuta ile hila ya nyota na neno html, iliyotumiwa na watengeneza tovuti dunia nzima kuisemesha Explorer peke yake. Injini yoyote iliyoikubali ilikifanya kidevu kuwa cha kijivu. Kwenye Explorer 6 ukurasa mzima ulikuwa fujo nyekundu. Firefox ya wakati ule nayo ilitoa uso ulioharibika.

Ian Hickson ndiye aliyeuandika mtihani huo, na Wium Lie, wakati huo akiwa Opera, aliutangaza kama changamoto kwa Microsoft. Lakini aliyetushika sisi ni Dave Hyatt wa Safari ya Apple. Alianza kuzirekebisha hitilafu za injini yake hadharani, akiandika moja baada ya nyingine: sehemu gani ya uso imevunjika, kanuni inasema nini, amebadilisha nini. Tarehe 27 Aprili, wiki mbili tu tangu mtihani utoke, uso ulikuwa mzima. Nilizichapa kurasa zake kwa mashine ya uchapaji ya kafe. Mzee alizisoma kwa miwani ya duka la dawa, akipigia mstari sababu ya kila hitilafu, kisha akazibandika ndani ya daftari lake. Alisema huyu bwana anaweka kumbukumbu kama fundi.

Mwezi wa Juni kivinjari cha Konqueror nacho kikapita. Hilo lilikuwa na haki yake, maana injini ya Safari ilizaliwa kutoka KHTML ya watu wa Konqueror, nao walikuwa wakilalamika kwamba marekebisho ya Apple yanawafikia kama lundo lisilochambulika. Mwezi huohuo Apple wakaifungua injini yao, WebKit, kwa wote. Opera 9 ikapita 2006, Firefox 3 mwaka 2008, na Explorer 8 yenyewe Machi 2009. Acid3 ulipotoka Machi 2008 ukiwa na vipimo 100, Opera na WebKit zilitangaza alama zote siku moja, tarehe 26.

Watu wanaikumbuka kama mbio. Mimi nakumbuka kwamba mbio zile ziliusahihisha hata waraka. CSS 2.1, iliyoondoa utata wa toleo la 1998, ilipata idhini ya mwisho Juni 2011. HTML5 nayo ikaandika jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika vizuri: injini ifanye nini hasa inapokutana na HTML iliyokosewa, hatua kwa hatua, ili zote zilishughulikie kosa namna moja.

Na ushindani huo ulitufikia mfukoni. Opera Mini ilipoingia kwenye simu za Nokia, wengi wa Afrika Mashariki walisoma habari kupitia injini ya Presto, iliyokaa kwenye kompyuta za Opera mbali huko, ikiupika ukurasa na kuuleta ukiwa umebanwa. Aliyenunua intaneti kwa megabaiti alijua thamani yake.

Mengine yamekwenda haraka. Februari 2013 Opera ilitangaza kuiacha Presto. Aprili Google ikajitenga na WebKit, ikaunda Blink. Desemba 2018 Microsoft nayo ikatangaza kuhamia huko. Zimebaki familia tatu kubwa, na moja inaziburuza nyingine. Kila mwezi nakutana na ukurasa wa huduma ya lazima unaoniambia nifungue Chrome, ingawa ukiudanganya jina la kivinjari unafanya kazi bila tatizo. Aliyeuandika hakujaribu kwingine. Linaniudhi sana, kwa sababu leo kujaribu hakuhitaji kafe nzima wala kusubiri usiku, na maelfu ya vipimo vya Web Platform Tests viko wazi kwa yeyote, vikiendeshwa kila siku kwenye injini kubwa zote.

Ninachokifuatilia sasa kwa hamu ni kivinjari kiitwacho Ladybird. Andreas Kling, aliyewahi kufanya kazi kwenye WebKit ya Apple, aliianza ndani ya mfumo wake endeshi wa SerenityOS, na tangu 2024 ina shirika lake lisilo la faida. Injini yake imeandikwa upya kabisa. Ukifungua msimbo wake unakuta hatua za waraka zimenakiliwa kama maelezo, moja moja, na chini ya kila hatua mstari unaoitekeleza. Ukitafuta hitilafu unasoma kanuni na utekelezaji kwa pamoja. Inapotokea kwamba aliyekosea ni waraka wenyewe, ripoti inakwenda kwa watunza waraka, WHATWG, na waraka unarekebishwa.