Hewa ya Nairobi

Nimelipwa kwa kusikiliza zaidi ya miaka thelathini, na leo sikio langu la kushoto halisikii hata mlango ukigongwa. Enjini ya mbio ya tu-stroki hupiga mayowe, nasi enzi hizo tuliona kuziba masikio ni mambo ya watu wa ofisini.

Nilianzia Barabara ya Kirinyaga, ambayo sisi mafundi hatujaacha kuiita Grogan. Nilikuwa spana boi: kuosha vipuri kwa petroli, kushika tochi, kutumwa chai. Pale nilijifunza kutengeneza pikipiki ili itembee. Kuitengeneza ili ishinde nilijifunzia Jamhuri, kwenye uwanja wa motokrosi, baada ya mteja mmoja kuniomba nimsindikize Jumapili. Nikaona watoto wakiruka vilima juu ya pikipiki za sisi (cc) 65, matope hadi kwenye meno. Jumatatu Grogan ilinichosha kabla ya saa nne.

Kazi yenyewe ni kupatanisha petroli na hewa, na ya petroli ndiyo rahisi. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,700, na hewa yake imepungua kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na ya Pwani. Kwa hiyo jeti ya kabureta, kidude cha shaba unachoweza kukipoteza chini ya ukucha, huwa tunaweka yenye tundu dogo kuliko ya kiwandani. Petroli ikizidi, plagi hutoka nyeusi na enjini inakohoa. Ikipungua, plagi hutoka nyeupe, na hapo huna muda. Mimi natafuta rangi ya biskuti.

Nilijua yote hayo, na bado mwaka mmoja nilishuka Pwani kwa mazoezi na jeti za Nairobi ndani ya kabureta. Nilijiambia nitabadilisha baada ya chai. Kijana niliyemtengenezea pikipiki akaingia mchangani, hewa nzito, enjini ikivuta kwa taabu, ikapata joto. Mzunguko wa tatu pistoni ikashika, gurudumu la nyuma likafunga, akavunjika mtulinga. Baba yake hakunigombeza. Aliuliza tu pistoni mpya ni bei gani. Afadhali angenitukana.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nisome. Katika magazeti makuukuu ya pikipiki nilikutana na Walter Kaaden, fundi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki. Pesa hakuwa nazo. Alikuwa na bomba la moshi. Alielewa kwamba wimbi la sauti likifika mwisho wa bomba lililonenepa katikati hugonga na kurudi, na likirudi kwa wakati wake husukuma ndani ya silinda petroli iliyokuwa ikitoroka. Kufikia 1961 enjini yake ya sisi 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Mwaka huohuo mwendeshaji wake Ernst Degner akatorokea Magharibi na ujuzi huo, na 1962 akawa bingwa wa dunia wa sisi 50 akiwa na Suzuki. Mimi nimewahi kuibiwa spana tu.

Nikaanza kukata mabomba na kuyachomelea upya. Ukilifupisha, nguvu hupanda juu, kwenye mayowe. Ukilirefusha, hushuka chini, anakoihitaji mtoto anayetoka kwenye kona. Mengi niliyaharibu.

Kisha Yamaha wakaleta YZ400F ya foo-stroki mwaka 1998, na kufikia 2010 YZ450F haikuwa na kabureta kabisa. Kijana ninayemfundisha huchomeka kompyuta, anarekebisha petroli akiwa amekaa. Sina kinyongo, ila kukaa kwenyewe ndiko kunaniudhi.

Za watoto, sisi 65, bado ni zangu. Juzi kijana huyo alinikuta nimeinama, ncha ya bisibisi ndefu ikigusa silinda, mpini nimeuuma.

“Mzee, unafanya nini?”

“Nasikiliza.”

“Kwa meno?”

Nikamwashiria aongeze moto kidogo.