Moshi wa Jenereta Ndogo ya Dizeli

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka ipate joto la takriban nyuzi 500 au zaidi, kisha nozeli hupuliza dizeli kama ukungu, nayo ikawaka yenyewe. Jenereta ya silinda moja ikigoma kuwaka, kwa kawaida ama mafuta safi hayafiki au hewa haibanwi vya kutosha. Mwandishi wa kurasa hizi amepitisha umri wake wa kazi akitafuta ni lipi kati ya hayo, tangu alipokuwa kijana wa kushika spana katika gereji ya Unguja.

Ufundi wake ulikomaa wakati wa giza. Disemba 2009 njia ya umeme ya chini ya bahari kutoka Tanzania Bara iliharibika, na kisiwa kikakosa umeme huo hadi Machi 2010. Jenereta zilizonunuliwa kwa kazi ya saa chache zikafanyishwa kazi usiku kucha madukani, hotelini na visimani, na gereji zikajaa.

Wengi walizileta wakiwa wameshaamua kwamba pampu ya mafuta imekufa. Mara nyingi pampu ilikuwa nzima. Kwa hiyo fundi alijizoeza kutofungua kitu kabla ya kutazama ekzosi wakati kamba ikivutwa. Pasipo na moshi kabisa, mafuta hayafiki. Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli iliyofika isiwake: nozeli inatiririsha, au kompresheni imeshuka. Moshi mweusi huelekeza kwanza kwenye chujio la hewa lililoziba.

Pasipo na moshi, huanza na vitu vyepesi: koki ya tangi, mkono wa kuzimia, kiwango cha oili, maana baadhi ya injini hujizuia oili ikipungua. Kisha hutoa upepo, kazi inayohitaji subira. Tangi likikauka mara moja tu, hewa huingia kwenye mpira na pampu, na hewa hubonyea badala ya kusukuma. Nati ya bomba jembamba la nozeli hulegezwa kidogo, injini ikazungushwa polepole. Kwanza hutoka povu, halafu matone yenye viputo, mwisho dizeli tupu. Nati ikikazwa na krenki kuzungushwa tena, nozeli nzima husikika ikikwaruza kwa sauti fupi. Hapo mkono haukaribishwi kamwe: nozeli hufunguka kwa mgandamizo wa karibu baa 200, na mafuta yake yanaweza kupenya ngozi. Aliyechomwa hivyo apelekwe hospitali mara moja, hata kidonda kikiwa kidogo kama tundu la sindano.

Dizeli iliyokaa kwenye madumu huleta maji. Hukingwa kidogo chini ya tangi katika chupa nyeupe na kuachwa itulie. Maji hujitenga na kukaa chini. Tangi huoshwa, filta ikabadilishwa.

Mafuta yakiwa safi na injini bado ikagoma, krenki huzungushwa kwa mkono bila kugusa mkono wa kupunguza kompresheni. Isipokuwa na ukinzani, hewa inavuja, na mluzi wake husema inapotokea: njia ya hewa ni valvu ya kuingizia, ekzosi ni valvu ya kutolea, mdomo wa oili ni ringi. Tapeti huangaliwa kwanza, injini ikiwa baridi. Injini nyingi za aina hii hutaka nafasi ya milimita 0.15, ingawa kitabu cha injini yenyewe ndicho cha kufuatwa. Matone machache ya oili ndani ya silinda yakirudisha kompresheni kwa muda, ringi zimelika. Yakizidi hayo, pistoni inaweza kugonga oili na koni rodi ikapinda. Dawa ya kupuliza ya kuwashia fundi huyu huikataa, kwa sababu hulipuka kabla ya wakati na kuvunja ringi hizohizo.

Ringi zikishalika, mwenye jenereta huambiwa bei ya ringi mpya pamoja na ya kuchonga silinda kabla hedi haijafunguliwa, ili apime kama injini nyingine haitamfaa zaidi.