Mkono Mmoja Ukutani

Nilipokuwa kijana niliingia mashindano ya kuogelea, mita 100 mtindo wa chura, katika bwawa la mita 25. Hapo mtu hugeuka mara 3, na kanuni ni kugusa ukuta kwa mikono miwili kwa pamoja. (Wa mtindo huru hupinduka tu na kuusukuma ukuta kwa miguu, raha yao!) Mara ya mwisho pumzi ziliniishia, nikagusa kwa mkono mmoja. Kufanya hivyo hukuwahisha, maana mwili huanza kugeuka mapema. Mwamuzi hakuona. Nikavishwa medali ya shaba. Aliyekuwa wa nne alinipa mkono: “Hongera kaka, umegeuka vizuri.” Medali ninayo kabatini. Kijana yule namtafuta hadi leo.