Jumba la Historia na Baraza Zake: Mafunzo kutoka Mji wa Zanzibar

Mijadala mingi kuhusu ujenzi wa makumbusho huanza na vitu vitakavyohifadhiwa ndani yake: sarafu, vyungu, nyaraka, viti vya enzi. Makala haya yanaanzia mlangoni. Yanauliza ni nani apitaye mbele ya jumba la historia kila siku bila kuingia, na ni jambo gani katika umbo la jumba hilo linalomfanya aone kwamba halimhusu. Mfano unaotumika hapa ni Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati na kuua mafundi wawili. Jumba likivunjika, wenye kulijenga upya hulazimika kuamua tena ni la nani.

Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said. Nguzo zake za chuma na roshani zake pana ziliwekwa ili zionekane kutoka merikebuni. Lilikuwa jumba la sherehe na la kupokelea wageni. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliangamiza Beit al-Hukm iliyokuwa jirani pamoja na mnara uliosimama mbele, na baadaye mnara mpya wa saa ukajengwa juu ya uso wa jumba lenyewe. Likafuata kuwa ofisi za serikali ya kikoloni, na baada ya Mapinduzi ya 1964 likapewa kazi nyingine, hata likafunguliwa kuwa makumbusho ya historia na utamaduni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Matumizi yalibadilika mara nyingi, lakini uso wa jumba haukugeuka: ulibaki kuielekea bahari na mgeni ajaye, huku mitaa ya wenyeji ikiwa mgongoni.

Ni ajabu kwamba jambo hili litokee katika mji ambao nyumba zake za kawaida zimelitatua zamani. Nyumba ya mawe ya mwambao haimtengi mpita njia kwa ukuta mtupu. Nje pana baraza, ambapo mtu yeyote huketi, hupumzika na kupata habari bila kuombwa kitu. Katika nyumba za Lamu baada ya baraza huja daka, mahali pa kumpokelea mwenye shughuli asiyehitaji kuingia zaidi. Kisha huja ua na vyumba vya ndani, ambavyo ni vya jamaa na wageni wa heshima. Hizi ni daraja za ukaribu, na kila mtu anajua yake. Makumbusho mengi yana daraja mbili tu: nje, na ndani baada ya kulipa kiingilio. Jumba lililosanifiwa kwa kufuata nyumba ya Kiswahili lingekuwa na kivuli na viti upande wa mtaani, na ukumbi wa kwanza usiolipiwa ambapo wazee wangeweza kuitwa kutambua picha za kale na kuzitaja kwa majina. Hazina yenye kuhitaji ulinzi ingefuata baada ya hapo.

Inaweza kupingwa kwamba majengo ya kale hayabadiliki kwa urahisi hivyo. Ngome ya Lamu yatoa jibu. Ilianza kujengwa takriban mwaka 1813 na kukamilika mwaka 1821, na kwa miaka mingi ilikuwa gereza, hadi mwaka 1984. Ni vigumu kulifikiria jengo lililojitenga zaidi na mji. Hata hivyo mbele yake pana uwanja wa Mkunguni, wenye miti ya kivuli na watu wa mazungumzo, na ngome ilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, uwanja huo ndio ulioipa uhai mpya. Kuta zilibaki zilivyokuwa, ila mlango uliokuwa wa wafungwa ukawa wa raia.

Kuna sharti la pili. Jumba la historia halina budi kumrudisha mtazamaji mjini akiwa na macho mapya. Katika mtaa wa District Six mjini Cape Town, uliotangazwa kuwa wa Wazungu mwaka 1966 na ambao watu zaidi ya 60,000 walihamishwa kwa nguvu, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1994 ndani ya kanisa la zamani yalitandaza sakafuni ramani ya mitaa, na waliohamishwa wakaandika hapo mahali nyumba zao ziliposimama. Mji uliobomolewa ulirejeshwa kwa mikono ya waliokuwa wakiishi humo. Zanzibar ina neema ya kuwa na mitaa yake ingali hai. Chumba kinachoeleza biashara ya watumwa kingeweza kumwelekeza msomaji Mkunazini, palipokuwa na soko lililofungwa mwaka 1873. Chumba cha vyombo vya baharini kingempeleka Malindi. Na ramani ingevuka Darajani hadi Ng'ambo, kwenye maghorofa ya Michenzani. Makumbusho yanayoishia kwenye mipaka ya Mji Mkongwe husimulia nusu ya mji, na aghalabu nusu hiyo ni ile ya wenye mali.

Sharti la tatu ni lugha, nalo lawagusa wanaisimu moja kwa moja. Maandishi ya ukutani ni sehemu ya usanifu sawa na ngazi na madirisha. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari, hauelezeki vyema kwa istilahi zilizotafsiriwa. Maneno yake yamo vinywani mwa mafundi, na lazima yakusanywe kabla ya kuandikwa kibao.

Haidaiwi hapa kwamba baraza zingeliizuia Beit al-Ajaib isianguke. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huhitaji fedha na ufundi, na kiingilio cha watalii kina sehemu yake katika gharama hizo. Lakini mwenye kuketi chini ya ukuta kila jioni ndiye auonaye ufa mapema, na ndiye mwenye sababu ya kupiga kelele usiposhughulikiwa. Kwa hiyo, kabla ya ramani za ujenzi mpya kuidhinishwa, inafaa wakazi wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo waulizwe mlango ukae upande gani. Jibu lao lichorwe kwenye ramani hizo tangu siku ya kwanza.